Mdogo wangu anataka kuacha shule aje kuishi maisha ambayo mimi mwenyewe siyaishi

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 24, mtoto wa kwanza katika familia ya watoto watatu. Kwetu ni Makambako, mkoani Njombe, ambako mama yangu analima viazi na mahindi, na ndiye aliyetulea peke yake tangu baba alipofariki. Nilihitimu stashahada ya uhasibu mwaka 2022, na tangu hapo ninaishi Dar es Salaam katika chumba kimoja cha kupanga, Mbagala. Kazi yangu ni kuuza nguo katika duka moja la Kariakoo na mshahara wangu ni shilingi 220,000 kwa mwezi. Nimeanza na maelezo haya kwa sababu wewe ndiye mtu wa kwanza kuyapata yakiwa ya kweli.

Baada ya chuo nilitembea na bahasha ya kaki kwa miezi minane bila kupata kazi ya fani yangu. Wakati huohuo wenzangu niliosoma nao walikuwa wakiweka picha Instagram: huyu amevaa kitambulisho cha kazi shingoni, yule yuko ndani ya gari, mwingine anakata keki na mabosi wake. Siku moja niliitwa kwenye usaili katika jengo moja refu la katikati ya mji. Nilipotoka, nilimwomba mlinzi anipige picha nikiwa nimesimama mlangoni, nikaiweka na maneno haya tu: "Asante Mungu kwa kila hatua." Sikusema kwamba nimepata kazi, na kazi yenyewe sikuipata. Hata hivyo, kufikia kesho yake watu zaidi ya 300 walikuwa wameibonyezea kopa, na wengi waliandika hongera. Mama alinipigia simu akilia kwa furaha, kwa kuwa mtoto wa jirani alikuwa amemwonesha picha ile. Sikumkatalia. Nilimjibu tu, "Tumshukuru Mungu, mama."

Kuanzia siku hiyo nimekuwa mtu mwenye kazi mbili, ya dukani na ya picha. Jumapili hupanda daladala na rafiki yangu mmoja tukaenda Masaki au kwenye Daraja la Tanzanite kupiga picha, au tukaingia hotelini, tukaagiza soda moja na kuimaliza kwa saa mbili. Nguo ninazovaa nyingi ni za dukani. Huzibeba Jumamosi jioni na kuzirudisha kwenye henga Jumatatu asubuhi kabla bosi hajafika. Mwezi Machi mwaka huu nilitaka kununua iPhone iliyotumika kwa shilingi 600,000, kwa kuwa simu yangu ya zamani ilikuwa ikitoa picha zenye ukungu. Nilikuwa nimepokea 530,000 za mchezo wetu wa kupeana fedha wa akina dada wa dukani, zikapungua 70,000. Nikapakua programu ya mikopo ya mtandaoni na kuomba 100,000. Nikaingiziwa 70,000 na kutakiwa kurudisha 100,000 baada ya siku saba. Zilipofika siku saba sikuwa nazo, nikakopa kwenye programu ya pili ili niilipe ya kwanza, kisha ya tatu, na sasa ziko nne. Kwa hesabu yangu nimepokea mkononi jumla ya shilingi 410,000 na nimekwisha kulipa 265,000, lakini wote kwa pamoja wananidai 780,000.

Wiki mbili zilizopita mmoja wa wakopeshaji hao aliwatumia ujumbe watu waliomo kwenye orodha ya majina ya simu yangu, akiandika kwamba mimi ni tapeli na kwamba wanifikishie salamu nilipe. Ujumbe ulimfikia bosi wangu, na ulimfikia mjomba wangu, kaka yake mama. Wote wawili niliwaambia ni matapeli wa mtandaoni. Mjomba aliguna tu, nikajua hakuridhika. Mama bado hajui. Kule nyumbani, kwenye jumuiya yao, wanamwita "mama wa mhasibu", na mwezi uliopita aliniomba 500,000 za kuezekea upya kwa sababu anaamini ninazo.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 17 na yuko kidato cha nne. Ana simu, na hakuna picha yangu anayoikosa. Juzi aliniambia kwamba haoni sababu ya kumaliza shule, kwamba anataka kuja kuishi kwangu aanze kutengeneza video za TikTok alipwe. Nilipomkemea alinijibu, "Dada, ulisoma miaka yote hiyo, lakini kinachokulisha ni picha." Mama Mshauri, sikuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Nifanye nini? Nifute akaunti zangu zote, nibadilishe laini ya simu na nipotee kidogo? Au nieleze ukweli wote palepale Instagram ili nitue mzigo? Kuna mama mmoja mtaani kwetu anayekopesha kausha damu, yaani mikopo ya riba kubwa, yuko tayari kunipa 800,000 nimalize madeni yote kwa mkupuo, je, nichukue? Na ile picha ya mlangoni bado ipo. Niifute?

Dada Mkubwa, Mbagala

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilitafuta mahali ulipomtaja mdogo wako. Umemweka mwishoni, nyuma ya simu, mikopo, mjomba na paa. Mimi nitaanza naye, kwa sababu madeni yako yanaweza kusubiri wiki moja au mbili bila kubadilika sana, ilhali mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba na haumsubiri mtu. Jina lake limekwisha kusajiliwa kama mwanafunzi wa shule. Akiacha leo na baadaye akajuta, atarudi kama mtahiniwa wa kujitegemea, ajilipie ada, ajitafutie pa kusomea, na ashindane na wenzake ambao hawakusimama hata wiki moja. Wapo waliofanya hivyo na wakafaulu, ila hakuna haja ya kumpeleka mtoto kwenye njia hiyo kwa sababu ya picha ulizopiga kwenye daraja.

Usimhubirie kuhusu umuhimu wa elimu. Hayo ameyasikia kwa walimu tangu darasa la kwanza, na kwa mtazamo wake wewe ndiye ushahidi kwamba walimu wanasema tu. Hoja yake ya kwamba ulisoma na bado unalishwa na picha haijibiwi kwa mahubiri. Inajibiwa kwa hesabu. Mpigie, umtajie mshahara wako kama ulivyonitajia mimi, kisha umtajie kodi ya chumba, nauli ya daladala ya kwenda na kurudi Kariakoo kwa siku 26 za mwezi, chakula, maji ya ndoo, na mwisho umtajie hizo 780,000. Mwoneshe kwamba tangu uweke picha ya kwanza hadi leo, picha hazijakulisha hata mlo mmoja, na kwamba ni wewe uliyekuwa ukizilisha. Kisha piga picha ya chumba chako kama kilivyo, bila kutandika, bila kusogeza ndoo, umtumie yeye peke yake. Katika picha zote unazoweza kupiga mwaka huu, hiyo ndiyo ninayokushauri uipige.

Kuhusu kulipwa na TikTok, mweleze mambo mawili ambayo pengine hakuna rafiki yake aliyemweleza. La kwanza ni kwamba mpango wa mtandao huo wa kuwalipa watengeneza video kwa idadi ya watazamaji ulifunguliwa kwa nchi chache, kama Marekani, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa na Japani, na Tanzania haikuwemo. Vijana wa hapa wanaopata fedha huzipata hasa kwa kutangaza bidhaa za watu au kwa zawadi ambazo watazamaji huwatumia wakiwa mubashara, na mtandao nao hukata fungu lake katika zawadi hizo. La pili ni kwamba tangu Novemba 2022 TikTok hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kurusha matangazo mubashara, wala kutuma au kupokea zawadi. Mdogo wako ana miaka 17. Ili aanze kazi anayoiota itambidi aanze kwa kudanganya umri wake, na watakaomtumia zawadi usiku wa manane wakiamini ni mtu mzima si watu ambao wewe ungependa wamjue kwa jina. Hapo usimfiche kitu. Ni msichana mwenye akili, maana jibu alilokupa si la mtoto mjinga.

Nikigeuka kwako, nitakuomba usijione mtu wa kwanza duniani kupiga picha asiyofanana nayo. Wakati wa ujana wangu picha ilikuwa ni safari. Mtu alioga, akaenda mjini studio, na kule akakuta pazia lililochorwa ndege au maporomoko ya maji, na kwenye msumari limetundikwa koti la wateja wote. Kaka yangu anayo picha ya mwaka 1974 akiwa amevaa koti la aina hiyo, mikono imepita vidole, ameshika simu ya mezani ambayo waya wake haukuunganishwa popote. Aliituma nyumbani, ikatiwa fremu, na wageni walipokuja waliambiwa huyu yuko mjini. Hakuna aliyedhurika. Kila mtu alijua koti ni la studio, kwa kuwa kila mtu aliwahi kulivaa au alimjua aliyelivaa.

Tofauti ya picha ya kaka yangu na yako haiko katika uongo wake. Ile ilikuwa moja, na ikishatundikwa ukutani ilinyamaza. Haikumuuliza kesho yake yuko wapi leo, wala haikumhesabia waliosimama kuitazama. Yako ilirudi na idadi. Kitufe cha kupenda kilianza Facebook mwaka 2009, nacho kikabadilisha jambo la zamani sana kwa kulitia namba, na namba, kama unavyojua wewe uliyesomea uhasibu, huita namba nyingine. Ukipata 300 leo, 90 za wiki ijayo zitakuuma ingawa 90 ni watu wengi kuliko wanaojaa kwenye msiba wa mtaani kwenu. Ongezea ule mtindo wa ukurasa usio na mwisho, uliobuniwa mwaka 2006 na Mmarekani aitwaye Aza Raskin, ambaye baadaye alijuta hadharani kwa kuubuni. Kidole kinasukuma na mbele hakuna mahali pa kukuambia basi, umemaliza, kalale.

Jambo jingine nililoligundua ni kwamba hukutaja msanii hata mmoja. Majumba ya wanamuziki na magari ya wachezaji hayakukukosesha usingizi. Kilichokuchoma ni kitambulisho shingoni mwa mtu mliyekaa naye dawati moja. Mwanasaikolojia Leon Festinger aliliandika hilo mwaka 1954, nusu karne kabla ya Facebook: binadamu akitaka kujipima hajipimi na mfalme, hujipima na anayefanana naye. Zamani wenzako wa darasani wangetawanyika, ukawasikia mmojammoja kwenye harusi na misiba, aliyefanikiwa na aliyekwama kwa pamoja. Siku hizi unawaona wote kila asubuhi, ila wale waliokwama hawaweki picha. Wewe mwenyewe ulikwama miezi minane na hukuweka hata moja, na yule wa keki huenda naye aliitazama picha yako ya mlangoni akakosa usingizi.

Sasa tuje kwenye fedha. Waswahili tumeiita ile alama ya moyo "kopa" kwa kuifananisha na karata, na sijui kama yupo aliyefikiria kwamba neno hilohilo ndilo tunalomwambia mtu achukue asicho nacho. Kwako maana zote mbili zimekutana. Hukukopa ili ununue simu. Simu ulikuwa nayo. Ulikopa ili picha isiwe na ukungu, na ukungu ule ndio uliokuwa wa kweli.

Kwa mama wa kausha damu usiende. Anataka kununua madeni yako manne ambayo angalau yako mbali na mlango wako, akupe moja ambalo litakaa mtaa mmoja nawe na kupajua kwako. Pia angalia kitu unachotaka kukilipa. Mkopo wako wa kwanza ulikutoza 30,000 kwa kutumia 70,000 ndani ya siku saba. Hiyo ni karibu asilimia 43 kwa wiki moja. Umepokea 410,000 na kulipa 265,000, kwa hiyo fedha yao halisi iliyobaki mikononi mwako ni 145,000. Zilizosalia, yaani 635,000, ni riba, faini na vitisho, na vitisho havina bei. Sisemi usilipe. Nasema usilipe shilingi nyingine hata moja kabla hujajua unamlipa nani na kwa haki gani.

Kwa hiyo chukua daftari, uchore safu kama ulivyofundishwa: tarehe, programu, kilichoombwa, kilichoingia, kilicholipwa, kinachodaiwa. Jumbe za miamala kwenye simu yako zitakupa kila tarakimu. Itakuwa kazi ya kwanza ya uhasibu utakayoifanya tangu uhitimu, na haina mshahara, lakini huenda ikakuokolea fedha nyingi kuliko mshahara wa miezi miwili. Piga picha za skrini za jumbe zote za matusi na vitisho, pamoja na ule aliotumiwa bosi na ule wa mjomba, nao wakubali kukurushia. Baada ya hapo ingia kwenye mipangilio ya simu uziondolee programu zote nne ruhusa ya kuona majina, picha na jumbe zako, ndipo uzifute. Elewa kwamba walichokwisha kukichukua hakitarudi kwa kufuta, na kwa sababu hiyohiyo kubadilisha laini hakutakusaidia. Orodha ya ndugu zako wanayo. Ukipotea, watawapigia wao.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji wa namna hii awe na leseni ya Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, na inayo pia orodha ya wakopeshaji wenye leseni ambayo mtu yeyote anaweza kuiangalia. Tafuta majina ya hao wanne katika orodha hizo mbili. Asiye na leseni, peleka taarifa zake Benki Kuu na polisi. Mwenye leseni, mwandikie malalamiko yeye mwenyewe kwanza, ukiambatisha ukurasa wa daftari lako, na asipojibu vizuri upeleke jambo hilo kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu. Suala la kutumia majina ya ndugu zako kukuaibisha ni la peke yake: tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume iliyoundwa kwa sheria hiyo hupokea malalamiko. Ukiona karatasi zinakuzidi, ulizia ofisi ya kata yako ni wapi utawapata wasaidizi wa kisheria. Huduma yao ni ya bure, na mashauri ya mikopo si mageni kwao.

Na simu uiuze. Najua hili ndilo litakalokuuma kuliko yote niliyoandika. Ukishahamisha ushahidi wako wote mahali salama na kufuta vilivyomo, iuze hata kwa hasara, ununue simu ya kawaida ya kupigia na kupokelea WhatsApp, na kinachobaki kiwe cha kulipa deni lile ambalo ni deni kweli.

Kuna watu wanne wanaokudai ukweli. Wa kwanza ni mdogo wako, tumekwisha kumzungumza. Wa pili ni bosi wako, ambaye amepata ujumbe wa kukuita tapeli na akapata na maelezo yasiyo ya kweli juu yake. Mwambie wewe mwenyewe kwamba unadaiwa, ni kiasi gani na unafanya nini. Ama zile nguo, koma kuzichukua leo. Nakusema kwa ukali kidogo hapa, kwa sababu katika barua nzima umezitaja kama jambo la kuchekesha: nguo uliyoivaa Jumapili kutwa jua la Masaki ikauzwa Jumatatu kwa mtu kama mpya haikuwadanganya wafuasi wako, ilimdanganya mteja aliyelipa. Madeni yakipungua na bosi akiwa tayari kukusikiliza, mwombe ruhusa uzipige picha mchana kweupe kwa ajili ya duka. Maduka mengi ya Kariakoo huuza kupitia Instagram na stetasi za WhatsApp, na wewe umejifundisha kwa miaka miwili na zaidi namna ya kuifanya nguo ionekane. Ni ujuzi, ingawa umeulipia ghali.

Wa tatu ni mjomba. Alivyoguna ni kwamba anajua nusu, na mtu mzima anayejua nusu huijazia mwenyewe nusu nyingine, mara nyingi kwa jambo baya kuliko lililopo. Pengine anadhani upo na mwanamume mbaya, au unacheza kamari. Mpigie umweleze yote, umtake radhi kwa kumdanganya, kisha umwombe jambo moja tu, kwamba siku utakayozungumza na mama yako, yeye awe amekaa naye sebuleni.

Wa nne ni mama. Sitakuficha kwamba ataumia, na hataumia kwa sababu unauza nguo, maana mwanamke aliyelea watoto watatu kwa viazi anaijua kazi ya jasho. Ataumia kwa jina alilopewa na jumuiya na ambalo sasa ataliona kama kofia ya kuazima. Usimwambie aendelee kuwaficha wenzake kwa ajili yako. Akiamua kuwaambia, ni haki yake. Akiamua kunyamaza, pia ni haki yake. Kuhusu paa, mtajie kiasi ambacho mtu wa mshahara wa 220,000 anaweza kukituma baada ya deni kuisha, hata kama ni 20,000 kwa mwezi. Amekuomba 500,000 kwa sababu hakuwa na namba nyingine ya kupigia hesabu, na wewe ndiye uliyemnyima.

Hao 300 waliobonyeza kopa hawakudai kitu, kwa hiyo usiwalipe. Ushauri wa kuungama Instagram naukataa kabisa. Ungepata kopa 1,000, watu wakakuita jasiri, na kabla ya Ijumaa ungekuwa unatafuta pembe nzuri ya kupigia picha machozi. Kufuta akaunti zote usiku mmoja nako kuna kelele zake, maana utapigiwa simu na watu wakiuliza kulikoni, na utajikuta unatunga sababu. Nyamaza tu. Ondoa programu ya Instagram kwenye simu hiyo ya kawaida, usiage, usitangaze mapumziko. Baada ya majuma mawili utashangaa ni wangapi watakaouliza. Nadhani watatosha kwenye bodaboda moja.

Fuata mpangilio huu: mdogo wako Ijumaa jioni, mjomba Jumamosi, mama Jumapili akitoka kanisani na mjomba akiwa tayari ameketi. Mdogo wako usimwombe akufichie hizo siku mbili. Mwambie tu kwamba Jumapili utamwambia mama mwenyewe, na kwamba yeye ametangulia kwa sababu ana mtihani.

Umeniuliza kuhusu picha ya mlangoni. Iache mpaka Jumapili. Mama yako anaweza kuuliza siku ile ilikuwaje hasa, na ukimsimulia usaili ule, bahasha ya kaki, mlinzi aliyekupiga picha na namna ulivyosikia alipokupigia akilia, huenda akataka kuitazama tena. Mkimaliza, ifute.